Kabla Hujaandika "Hapana Kitu"

(Hotuba iliyosomwa bwaloni mbele ya wanachama na wanafunzi, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Mara ya mwisho niliposimama mbele ya bwalo hili nilikuwa naitwa kwa sababu ya kuchelewa uji, wala sikupigiwa makofi.

Katibu wetu aliponiandikia aliniomba niseme machache juu ya kutazama na kupiga picha ndege, wadudu na viumbe vingine vya kila siku. Alikuwa amepata habari kwamba siku za mapumziko mimi huonekana vichakani nimelala kifudifudi, namvizia panzi. Habari hizo ni za kweli. Mke wangu amekwisha kuzoea; majirani bado. Lakini yafaa niseme mapema kwamba mimi si mtaalamu wa ndege wala wa wadudu. Mimi ni mtumishi wa serikali, afisa mipango, na kazi yangu ni ramani, makisio na taarifa. Nitakayoyasema leo si ya profesa. Ni ya mtu aliyekosea jambo moja kazini, kisha akajifunza kuangalia akiwa amekwisha kuchelewa. Nimekuja kuwaomba ninyi mjifunze mapema.

Nianze na adhabu. Mwaka 1995 nilikuwa kidato cha pili. Asubuhi moja nilikwepa zamu ya usafi, nikakamatwa. Aliyenikamata alikuwa mwalimu wetu wa Bailojia, ambaye sasa ni marehemu. Sitamtaja jina kwa kuwa mwenyewe hakupenda kutajwa, lakini wa miaka ile mtamkumbuka kwa baiskeli yake na kalamu yake nyekundu. Nilitegemea fimbo, au kufyeka majani ya uwanja wa mpira. Badala yake alinipa daftari jipya, akasema: "Kwa juma zima, kila siku saa kumi jioni, utakaa chini ya mkwaju ulio nyuma ya jiko kwa nusu saa. Utaandika unachokiona. Basi."

Niliondoka nikicheka moyoni. Jumatatu nikaandika maneno matatu: "Leo hapana kitu." Daftari likarudi na wino mwekundu: "Ulikaa au ulilala?" Jumanne nikaandika: "Ndege ni wengi." Wino mwekundu ukajibu: "Wangapi? Wanafanya nini?" Jumatano, kwa hasira tu, nikaanza kuhesabu. Nikahesabu viota 14 vya mnana, ambaye wengine mnamwita kwera, yule ndege wa manjano ambaye dume lake lina kichwa cheusi. Nikaona dume anavyoshika ukingo wa jani kwa mdomo, anaruka nalo, na jani linachanika kuwa kamba ndefu kama vile limekatwa kwa wembe. Nikaona anavyofunga kamba ile kwenye kijiti, anaipitisha, anaivuta, anakaza. Mkono hana, mdomo na miguu tu.

Siku ya Ijumaa niliandika kurasa mbili, na kengele ya chakula sikuisikia. Nilikuwa nimeona jambo lisiloingia akilini. Dume mmoja alikuwa akining'inia chini ya kiota chake, anapiga mabawa na kupiga kelele. Jike akaja, akaingia, akatoka, akaenda zake. Kesho yake dume yule akaanza kukibomoa kiota alichokijenga yeye mwenyewe, unyasi mmoja mmoja. Nikaandika: "Ndege huyu amerukwa na akili." Mwalimu akaandika chini yake: "Hapana. Jike amekataa nyumba. Nyasi zimekwisha kubadilika rangi, naye anataka nyumba mbichi. Dume anaanza upya. Wewe ungefanya nini?"

Swali hilo nililisoma, nikapewa msamaha wangu, nikaliweka daftari sandukuni. Baadaye nikamaliza kidato cha sita, nikaenda Chuo Kikuu, nikapata shahada, nikaajiriwa. Nikalisahau daftari na mkwaju pia.

Ndugu zangu, sasa naja kwenye kosa langu.

Mwaka 2008 nilikuwa nafanya kazi katika wilaya moja ambayo haina haja ya kutajwa, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Nilitumwa kukagua bonde la ekari kama nane nyuma ya soko. Nilikwenda, nikarudi, nikaandika taarifa safi iliyopigwa chapa, na ndani yake mlikuwa na sentensi hii: "Eneo ni tupu na halina matumizi yoyote kwa sasa." Sentensi hiyo ilisafiri kutoka meza hadi meza. Hakuna aliyeipinga, maana nani ataupinga utupu? Mti mmoja mkubwa uliokuwapo ukakatwa, kifusi kikamwagwa, na bonde likawa maegesho ya malori.

Masika ya mwaka 2010 yalipofika, maji yaliyokuwa yamezoea kupumzika bondeni yakatafuta mahali pengine pa kulala. Yakapaona majumbani mwa watu wa upande wa chini. Namshukuru Mungu hakuna aliyekufa, lakini niliwaona watu wazima wamebeba magodoro kichwani na watoto mgongoni. Nami nikatumwa tena kuandika taarifa, safari hii ya maafa.

Nikiwa katika kazi hiyo nilimkuta bibi mmoja, msukaji wa mikeka, amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa mlangoni pake, tope limefika kizingitini. Nikamwamkia: "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiwe uliyekuja na ramani?"

"Ndimi, bibi."

"Ulikuja mwezi gani?"

"Wa tisa."

"Saa ngapi?"

"Kama saa saba mchana."

"Ulishuka garini?"

Nikanyamaza. Bibi akatikisa kichwa, lakini hakunigombeza. Akasema: "Mwezi wa tisa, saa saba mchana, hata mimi ningesema hapana kitu." Kisha akaanza kunihesabia kwa vidole. Nyasi za majini alizokuwa akizisukia mikeka, zinazoota mvua zikianza. Kambale ambao wajukuu wake walikuwa wakiwavua. Vyura, ambao usiku wa mvua ya kwanza walikuwa wakilia mpaka watu hawasikilizani. Kwarara na yangeyange alfajiri. Na fundichuma, yule ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, aliyekuwa amejenga juu ya ule mti mkubwa jumba lake la vijiti maelfu kwa maelfu. "Mti ule mliukata," akasema, basi.

Nilirudi ofisini nikalitafuta faili. Sentensi yangu ilikuwa palepale, na chini yake sahihi yangu. Hapo ndipo nilipoukumbuka wino mwekundu: "Ulikaa au ulilala?"

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba mji usijengwe, au kwamba malori yasiwe na mahali pa kuegesha. Huenda hata tungejua yote yale bado tungejenga. Lakini tungejenga tukijua, tungeacha mfereji, tungebakiza sehemu. Kuharibu kitu ukijua thamani yake ni jambo moja, na mwenye kufanya hivyo anaweza kuulizwa. Kuharibu kitu kwa kuwa umeandika kwamba hakipo ni jambo jingine, na la pili ni baya zaidi, maana hata wa kuulizwa hayupo.

Basi mwaka ule ule nikanunua kamera iliyokwisha kutumika kutoka kwa mpiga picha wa harusi. Majuma mawili ya kwanza nilipiga picha zipatazo 200. Nilipozikagua nikakuta nina picha nyingi nzuri za matawi, chache za anga, na mbili za mikia. Ndege mzima hapakuwa na hata mmoja. Hapo nikafahamu kwamba macho yalikuwa hayajui kungoja, na kamera haiwezi kuyafundisha macho kungoja.

Nikaanza upya karibu, ofisini kwangu. Mwaka 2011 nyigu mfinyanzi, yule mwembamba wa kiuno, aliingia dirishani akaanza kujenga ubavuni mwa kabati la mafaili. Mhudumu wa ofisi akaja na fagio. Nikamwomba amwache, naye akaniangalia kwa huruma kama mtu aliyehitaji likizo. Siku ya kwanza nilimhesabia nyigu safari 31 za kuleta tope. Kila donge alilitandaza kwa kinywa, huku mabawa yake yakivuma. Alipomaliza chumba kimoja akaanza kuleta buibui, mmoja baada ya mwingine. Hawakuwa wamekufa. Nyigu huwachoma mwiba wakapooza, ili wabaki wabichi. Anawapanga chumbani, anataga yai moja, anaziba mlango. Yai likianguliwa, funza anakuta chakula chake chote mezani. Baada ya majuma kadhaa tulikuta tundu dogo la mviringo kwenye tope, na mwenye nyumba amekwisha kuondoka. Siku hiyo mhudumu aliyekuja na fagio ndiye aliyeniita nije na kamera.

Nawaeleza haya ili wadogo zetu msidhani kwamba viumbe wa kutazamwa wako Serengeti tu, na kwamba ni lazima uwe na gari la wazi juu na kofia ya kitalii. Nchi yetu ina aina za ndege zaidi ya 1,100, nao wengi hawakai hifadhini. Yule mbayuwayu anayepita juu ya uwanja wa mpira mwezi wa kumi na mmoja huenda aliangukia kutoka yai chini ya paa la zizi huko Ulaya. Uzito wake ni gramu 20 hivi, na amevuka Sahara kuja hapa. Ikifika mwezi wa tatu au wa nne anaondoka tena. Anapita juu ya vichwa vyenu mkiwa paredini, nanyi mnamtazama kiranja.

Na milima hii ya Uluguru tunayoiona madirishani ina ndege wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Mmoja ni chozi. Mwingine ni mla wadudu mwenye kichwa cheusi, mgongo wa kijani na kifua cha manjano, anayekaa juu kabisa kwenye miti ya msitu, na hata wataalamu humsikia kuliko kumwona. Sisi tulikaa hapa miaka minne, wengine sita, tukiwa majirani wa viumbe hao. Nani alituambia? Na sisi, tuliuliza?

Wala msidhani kwamba kila kitu kimekwisha kujulikana. Mwaka 1991 watafiti waliokuwa kambini katika milima ya Udzungwa walitazama ndani ya sufuria ya mboga wakaona miguu ya ndege wasiyoifahamu. Wakamtafuta mwenye miguu, wakamkuta ni aina ya kwale ambaye hakuwa katika kitabu chochote, na ndugu zake wa karibu wanaishi Asia. Mwaka 1994 akatangazwa rasmi. Fikirini: ulimwengu wa elimu ulimfahamu ndege yule kupitia mchuzi!

Mwaka 2003 ikaja zamu ya nyani wa misitu ya Rungwe, ambaye habari zake zilitangazwa mwaka 2005. Dunia ikashangaa kwamba mnyama mkubwa namna ile alikuwa bado hajaandikwa. Lakini wawindaji wa Kinyakyusa hawakushangaa, kwa sababu walikuwa na jina lake tangu zamani: kipunji. Jina hilo ndilo analoitwa mpaka leo. Wenyeji walijua, karatasi ndiyo haikujua. Na ninyi mliosoma, kazi yenu ni kupeleka yale wanayoyajua akina bibi mpaka kwenye karatasi, kwa sababu maamuzi hufanywa juu ya karatasi.

Mfano wa tatu ni mchungu. Chura wa Kihansi ni mdogo kuliko kidole gumba, rangi yake kama dhahabu, na hatagi mayai bali huzaa. Makao yake yote duniani yalikuwa hekta chache tu zilizolowanishwa na manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi. Wataalamu walimwona mwaka 1996, wakati ujenzi wa bwawa la umeme ulikuwa umekwisha kuanza. Umeme ule taifa liliuhitaji, na taa nyingi ziliwashwa kwa huo. Lakini maji yalipogeuzwa, manyunyu yalikauka. Baadaye ukaja na ugonjwa wa ukungu. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba chura yule hayupo tena porini. Aliokoka kwa sababu mwaka 2000 baadhi yao, wapatao 500, walikuwa wamepelekwa Marekani kutunzwa, na kutoka mwaka 2012 wakaanza kurudishwa kwao, mahali palipotegewa mabomba ya kunyunyiza maji. Gharama za kumrudisha chura yule ni kubwa kuliko gharama za mtu mmoja kukaa juu ya jiwe na daftari, miaka michache mapema.

Sasa nije kwa wanafunzi, maana mmevumilia. Niseme namna ya kufanya, kama nilivyojifunza kwa makosa yangu.

Kwanza, chagua mahali pamoja, karibu, uparudie. Mtu anayezunguka sana huona mengi na hajui hata kimoja. Mti mmoja kwa mwaka mzima utakufundisha kuliko misitu kumi kwa siku moja.

Pili, nenda kwa saa za viumbe, si kwa saa zako. Ndege ni wa saa kumi na mbili alfajiri mpaka saa tatu, na tena kuanzia saa kumi jioni. Kereng'ende na vipepeo hungoja jua lipande, lakini asubuhi na mapema, umande ungali juu yao, huwa wazito na hukuruhusu kusogea. Saa saba mchana ni saa ya afisa mipango.

Tatu, kaa. Dakika kumi za kwanza viumbe wanakutazama wewe. Baada ya hapo wanarudi kwenye shughuli zao, na wewe unaanza kuona. Usimkimbilie ndege. Kaa mahali anapopenda kuja, aje mwenyewe.

Nne, katika picha, jua liwe mgongoni pako, na ushuke mpaka usawa wa macho ya kiumbe. Ndiyo maana mimi hulala chini. Simu ya kawaida haimfai ndege wa mbali, lakini kwa nyigu, vunjajungu, buibui na jongoo inatosha kabisa. Piga moja ya kiumbe, na moja ya mahali alipo, jani gani, mti gani, maji yamefika wapi. Picha ya ndege peke yake ni pambo. Ikiwa na tarehe, saa na mahali, imekuwa ushahidi.

Tano, usimguse mwenye kiota. Usikate matawi ili upate mwanga, maana kinachokuzuia wewe ndicho kinachomficha na mwewe na kunguru. Ukiona mzazi analia huku na huko hataki kuingia, wewe ndiwe umemzuia. Ondoka. Hakuna picha inayolingana na kinda aliyekufa njaa.

Sita, tazama na wewe usalama wako. Nyoka, nyuki na siafu hawaheshimu wapiga picha. Wala usielekeze kamera kwenye kambi au majengo yasiyoruhusiwa. Mimi nimewahi kukaa saa mbili mbele ya mgambo nikieleza kwamba nilikuwa nampiga picha mdiria juu ya waya. Aliniachia alipoziona picha zote 40, na zote zilikuwa za mdiria. Alisema mpelelezi hawezi kuwa mjinga kiasi kile.

Na la saba ndilo kubwa: andika. Andika hata usipojua jina. "Ndege mdogo, mgongo wa kijani, anakula matunda ya mkuyu, wako watano." Jina utaulizia kwa mzee, kwa mwalimu, au utalipata kitabuni. Siku ikipita hujaandika, hairudi.

Mtaniuliza: je, haya yanasaidia, au ni starehe ya mtu mwenye mshahara? Nitajibu kwa mfano mmoja. Mwaka 2016, nikiwa katika kituo kingine cha kazi, nililetewa pendekezo la stendi ya mabasi kando ya kijito. Ramani ilisema, kama kawaida, "eneo tupu". Safari hii nilikwenda mara tatu, mwezi wa tatu, wa nne na wa sita, alfajiri, kwa miguu. Nikapeleka picha kikaoni. Mjumbe mmoja akauliza, watu wakacheka: "Ndege hawa wanalipa ushuru?" Nami nikacheka, maana lilikuwa swali zuri. Kisha nikawaonyesha picha ya kwarara amesimama mahali palepale pangejengwa choo cha stendi. Nikasema: "Ushuru hawalipi, lakini mtazameni miguu. Maji yamemfika katikati ya mguu. Huyu anatupimia bure." Kicheko kikakoma. Stendi ikasogezwa mita 60.

Sikushinda, ndugu zangu. Nusu ya mahali pale pamekwenda, na minana waliokuwa kwenye matete ya upande wa barabara sijawaona tena. Lakini nusu ipo, na watu wa upande wa chini hawajabeba magodoro. Picha moja yenye tarehe ilifanya kazi ambayo hotuba zangu zote zisingeifanya.

Ndugu Mwenyekiti, nakaribia mwisho, na mwisho wenyewe ni ombi. Mlangoni pa bwalo hili umebandikwa mchoro wa bweni jipya ambalo Umoja wetu unalichangia. Ni kazi njema, nami nimetoa mchango wangu, risiti ninayo. Lakini kwenye mchoro ule, sehemu ya chini inayokwenda mpaka kijitoni, imeandikwa maneno mawili ninayoyafahamu sana: "eneo tupu".

Leo asubuhi, ninyi mkiwa bado mmelala, nilishuka huko saa kumi na mbili na nusu, nikakaa saa moja. Nimeona keremkerem sita wakiruka kutoka waya wa uzio, kila mmoja akirudi na mdudu na kumpigapiga kwenye waya kabla ya kummeza. Nimeona kereng'ende wekundu juu ya maji. Nimeona mdiria. Na nimemwona fundichuma akiwa na kijiti mdomoni, akielekea kwenye mkuyu ulio ukingoni, ambao kwenye mchoro haupo. Zaidi ya hapo sijui, kwa sababu saa moja ni saa moja tu.

Sisemi bweni lisijengwe. Vijana wanalala wawili wawili, na jambo hilo halingoji. Naomba jambo dogo. Ujenzi, kwa maelezo ya Mweka Hazina, hautaanza kabla ya mwaka mmoja kupita, hata fedha zitimie. Basi mwaka huo usipite bure. Wanafunzi wachache wajitolee, wapokezane, wakae pale nusu saa kila juma, waandike. Ifikapo mkutano ujao, daftari liwekwe mezani kando ya mchoro, tuvisome vyote viwili. Huenda bweni likasogea hatua kumi. Huenda mkuyu ukabaki. Na kama daftari litasema kweli kwamba hapana kitu, nitakuwa wa kwanza kushika koleo, kwa sababu safari hii maneno hayo yatakuwa yamekaliwa mwaka mzima na hayakuandikwa garini.

Kwa kazi hiyo naiacha hapa leo ile kamera yangu ya mpiga picha wa harusi. Ina mkwaruzo ubavuni lakini macho yake ni mazima. Nimeleta na madaftari 12, moja kwa kila mwezi. Na kwa mwalimu wa Bailojia aliyepo sasa, nimeleta kalamu moja ya wino mwekundu. Yeye anajua ya nini.